Mashine za kufyonza vumbi la mbao: Mambo ya kuangalia kabla ya kuvusha mzigo

FUNDI seremala anapopiga msasa kabati la MDF kwa saa moja, vumbi linalomuumiza zaidi ni lile asiloliona. Maranda na unga mzito huanguka sakafuni, hufagiwa na kutupwa. Vumbi laini hubaki hewani kwa muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na ndilo linaloingia kifuani.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwa soko la mashine za kufyonza vumbi katika karakana za Keko jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi na miji mingine ya ukanda huu. Hata hivyo, soko hili lina mtego. Mashine nyingi zinazofanana kwa rangi na umbo hufanya kazi tofauti kabisa. Mfanyabiashara anayeagiza kwa kuangalia picha na idadi ya wati anaweza kujikuta na mzigo ambao wateja wanarudisha, huku mtaji wake umelala stoo upande wa pili wa mpaka.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua mashine inayofaa, na mambo ambayo mwagizaji na msafirishaji wanapaswa kuyapanga kabla mzigo haujapakiwa.

Kwa nini vumbi la mbao si jambo dogo

Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusishwa zaidi na vumbi hilo ni ile ya pua na matundu yanayoizunguka, hasa kwa watu waliofanya kazi na mbao ngumu kwa miaka mingi.

Mbali na saratani, kuna pumu, mafua yasiyokwisha na kuwashwa ngozi. Mbao zinazopendwa sana Afrika Mashariki zimo katika orodha ya zile zinazoleta matatizo hayo. Vumbi la mvule linajulikana kwa kusababisha pumu na kuwasha ngozi, la mninga huwasha njia ya hewa, na la msaji huwasha ngozi za baadhi ya watu. MDF nayo hutoa vumbi laini sana lililochanganyika na gundi.

Utafiti kuhusu karakana ndogo za mbao Tanzania uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa mafundi waliokuwa wakifanya kazi kwenye vumbi walikuwa na dalili za matatizo ya kupumua zaidi kuliko watu waliolinganishwa nao.

Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2023, ulishusha kiwango cha juu cha vumbi la mbao ngumu kinachoruhusiwa kazini hadi miligramu 2 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Miligramu 2 ni uzito wa chembe chache tu za sukari. Kiasi hicho kinaonyesha jinsi ilivyo vigumu kufikia usalama kwa ufagio na dirisha lililo wazi.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kwamba mteja hanunui mashine ya usafi wa sakafu. Ananunua kitu cha kulinda kifua chake na cha wasaidizi wake. Mashine inayomeza maranda lakini ikatema vumbi laini kupitia nyuma haijamsaidia. Pengine imemdhuru zaidi, kwa sababu anaamini yuko salama na ameacha kuvaa barakoa.

Aina mbili zinazochanganywa

Sokoni kuna makundi mawili makubwa, na makosa mengi huanza hapa.

Kundi la kwanza ni mashine za kufyonza zenye mpira mwembamba. Hizi huunganishwa moja kwa moja na zana za mkononi kama mashine ya msasa, ruta, msumeno wa mviringo na randa ya umeme. Mpira wake huwa na kipenyo cha milimita 27 hadi 36 kwa kawaida. Nguvu yake ya kuvuta ni kubwa, mara nyingi kilopaskali 20 au zaidi, lakini hewa inayopita si nyingi. Mashine nzuri ya kundi hili hupitisha takriban mita 200 za ujazo kwa saa.

Kundi la pili ni mashine za kukusanya vumbi zenye feni kubwa, mfuko mkubwa wa kitambaa juu na mfuko wa maranda chini. Hizi hutumia bomba la milimita 100 au zaidi na hufungwa kwenye mashine za kusimama, kama msumeno wa meza na mashine kubwa ya kuranda. Nguvu yake ya kuvuta ni ndogo, lakini hewa inayopita ni nyingi, kuanzia mita 1,000 za ujazo kwa saa na kuendelea.

Moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine, na sababu yake ni hesabu rahisi. Ili vumbi na maranda visafiri ndani ya bomba bila kutuama, hewa inapaswa kwenda kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde. Kwa mpira wa milimita 27, kasi hiyo inahitaji mita 41 tu za ujazo kwa saa. Kwa mpira wa milimita 36 zinahitajika mita 73. Lakini kwa bomba la milimita 100 zinahitajika takriban mita 565 za ujazo kwa saa.

Sasa chukua mashine ya kundi la kwanza inayopitisha mita 210 za ujazo kwa saa, uifunge kwenye msumeno wa meza wenye tundu la milimita 100. Kasi ya hewa ndani ya bomba itakuwa karibu mita 7 kwa sekunde. Maranda yatabaki njiani, bomba litaziba na mteja atasema mashine ni mbovu. Si mbovu. Imefungwa mahali pasipo pake.

Kinyume chake nacho hakifai. Mashine ya feni kubwa ikiunganishwa na mashine ya msasa kwa mpira mwembamba, feni haina nguvu ya kuvuta hewa kupitia tundu dogo. Upepo hufa, na vumbi hubaki mezani.

Wati hazielezi kazi

Boksi nyingi huandikwa wati kwa herufi kubwa: 1,400, 1,800, 2,400. Wati ni umeme unaoingia kwenye mota. Haziambii mnunuzi ni hewa kiasi gani inapita wala chujio linazuia nini. Mota mbaya inaweza kula umeme mwingi na kuugeuza kuwa joto na kelele.

Mwagizaji anapaswa kumtaka muuzaji ampe namba tatu kwa maandishi. Ya kwanza ni kiasi cha hewa, kwa mita za ujazo kwa saa au lita kwa sekunde. Ya pili ni nguvu ya kuvuta, kwa kilopaskali au milibari. Ya tatu ni daraja la chujio. Kiwanda kisichoweza kutoa namba hizo hakijapima bidhaa yake, au kimepima na hakipendi kusema.

Ikumbukwe pia kuwa namba za hewa zinazoandikwa na viwanda mara nyingi hupimwa mashine ikiwa mpya, bila mpira na chujio likiwa safi. Karakanani zitapungua. Ni busara kuchagua mashine yenye ziada, badala ya ile inayofikia kiwango kwa tabu siku ya kwanza.

Daraja la chujio: L, M na H

Viwango vya kimataifa vya mashine za kufyonza vumbi lenye madhara vinajulikana kwa namba IEC 60335-2-69, na kwa Ulaya EN 60335-2-69. Viwango hivyo vina madaraja matatu.

Daraja L huruhusu vumbi lisilozidi asilimia 1 kupita. Daraja M huruhusu lisilozidi asilimia 0.1. Daraja H huruhusu lisilozidi asilimia 0.005.

Asilimia hizo zinaonekana ndogo zote, lakini ukiziweka kwenye mizani picha inabadilika. Katika kila kilo moja ya vumbi laini linaloingia, mashine ya daraja L inaweza kurudisha hewani hadi gramu 10. Ya daraja M hairuhusiwi kuzidi gramu 1, na ya H haizidi gramu 0.05. Uingereza na Ujerumani, mwongozo wa usalama kazini kwa vumbi la mbao ni daraja M. Hilo ndilo linalofaa pia kwa karakana nyingi za ukanda huu zinazotumia mbao ngumu na MDF.

Daraja M lina faida nyingine ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Mashine hiyo lazima iwe na kengele au taa ya kumwonya fundi kasi ya hewa kwenye mpira inaposhuka chini ya mita 20 kwa sekunde. Mfuko ukijaa au mpira ukiziba, fundi anajua mara moja.

Kuhusu neno HEPA, tahadhari inahitajika. Chujio la HEPA la daraja H13 huzuia asilimia 99.95 ya chembe zilizo ngumu zaidi kunaswa. Lakini kuweka chujio hilo ndani ya mashine ya plastiki yenye mifuniko inayovuja hakuifanyi mashine nzima kuwa ya daraja H. Hewa hutafuta njia rahisi, na ikipata upenyo pembeni mwa chujio hupita hapo na vumbi lake. Kinachothibitisha daraja ni kibati cha maelezo kilichogongwa kwenye mashine, chenye herufi ya daraja na namba ya kiwango. Stika ya rangi kwenye boksi haitoshi.

Mashine za feni kubwa zina tatizo lake. Nyingi za bei nafuu huja na mfuko wa kitambaa unaozuia chembe za maikroni 30 na kuendelea, wakati vumbi linalofika ndani kabisa ya mapafu ni la chini ya maikroni 10. Mfuko wa aina hiyo hufanya kazi kama chekeche: hubakiza maranda na kupuliza vumbi laini karakana nzima. Muuzaji mwaminifu ama huagiza mashine yenye chujio la mikunjo linalozuia hadi maikroni 1, ama humshauri mteja aweke mashine nje ya jengo, chini ya paa la kuzuia mvua na mbali na dirisha la jirani.

Umeme: mtego wa plagi ya njano

Mashine za mtumba kutoka Ulaya zina soko kwa sababu nyingi ni imara na zina daraja M. Lakini za kutoka Uingereza zinahitaji jicho la pili. Kwenye maeneo ya ujenzi ya nchi hiyo hutumika zana za volti 110, na alama yake ni plagi ya njano ya duara. Mashine hiyo ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 au 240 unaotumika Tanzania, Kenya na Uganda, mota huungua papo hapo. Itahitaji transfoma, na transfoma ya kubeba mashine ya wati 1,200 pamoja na zana yake ni nzito na ina bei yake. Bei nzuri ya mnadani huliwa yote hapo.

Herzi nazo ni muhimu. Afrika Mashariki hutumia herzi 50, sawa na Falme za Kiarabu na Oman. Saudi Arabia na Marekani hutumia 60. Mashine ya feni kubwa iliyotengenezwa kwa herzi 60, ikiwashwa kwenye 50, huzunguka polepole kwa karibu moja ya sita. Upepo hupungua na mota inaweza kupata joto kupita kiasi.

Jambo la tatu ni fezi. Mashine kubwa za kukusanya vumbi mara nyingi ni za fezi tatu, wakati karakana nyingi ndogo zina fezi moja. Mwuzaji aulize kabla ya kupokea malipo ya awali.

Mashine nyingi za kundi la kwanza zina soketi ubaoni. Fundi akiwasha msasa, mashine ya vumbi inajiwasha yenyewe, na akizima inaendelea sekunde chache kumaliza vumbi lililobaki kwenye mpira. Ni huduma nzuri, lakini ina kikomo. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13, sawa na takriban wati 3,100 kwa volti 240. Mashine ya wati 1,200 ikibeba msumeno wa wati 1,800 imefika wati 3,000, yaani karibu na ukomo. Kwenye waya mrefu wa kuunganisha, au jenereta ndogo, ukomo unafika mapema zaidi.

Mifuko na machujio ndiyo biashara yenyewe

Hapa ndipo hesabu ya mfanyabiashara inapaswa kukaa muda mrefu. Mashine huuzwa mara moja. Mfuko huuzwa kila wiki.

Chukulia kwa mfano kwamba mfanyabiashara ameuza mashine 20, na kila karakana inajaza mfuko mmoja kwa wiki. Kwa mwaka ni mifuko 1,040. Kama hakuagiza mifuko pamoja na mashine, katika mwezi wa kwanza wateja watafanya mojawapo ya mambo matatu. Watakung'uta mfuko uliojaa na kuurudisha, watashona wa kanga, au wataendesha mashine bila mfuko hadi chujio kuu lizibe. Njia zote tatu humrudishia fundi vumbi lake, na ya tatu inaua mota.

Kwa hiyo mwagizaji ajiulize mapema: mfuko huu una umbo la kawaida au ni wa mashine hii peke yake? Upo kwa muuzaji mwingine Nairobi, Kampala au Kariakoo? Mashine ya bei nafuu yenye mfuko usiopatikana ni ghali kuliko inavyoonekana.

Ipo njia ya kupunguza matumizi ya mifuko, nayo ni saikloni. Ni chombo cha umbo la koni kinachowekwa juu ya pipa, kati ya zana na mashine. Hewa huzunguka ndani yake, maranda na unga mzito huangukia kwenye pipa, na kinachobaki kwenda kwenye mfuko ni vumbi laini kidogo.

Kwa mfano wa hesabu tu, mfuko ukiwa shilingi 500 za Kenya na karakana ikitumia mmoja kwa wiki, gharama ya mwaka ni shilingi 26,000. Saikloni ikifanya mfuko udumu mwezi mzima, gharama inashuka hadi shilingi 6,000. Shilingi 20,000 zinazobaki zinaweza kurudisha bei ya saikloni ndani ya mwaka. Pipa liwe gumu. La plastiki nyembamba hunywea kwa nguvu ya kuvuta mpira unapoziba, na hewa ikianza kuvuja saikloni haifanyi kazi.

Forodha: kifungu kinachotofautiana kwa lita

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, mashine za kufyonza vumbi zenye mota yake ziko chini ya 8508. Ndani ya kifungu hicho kuna mgawanyo ambao mwagizaji wa zana anapaswa kuujua. Namba 8508.11 ni za mashine zisizozidi wati 1,500 na zenye mfuko au chombo kisichozidi lita 20. Zinazozidi kipimo kimoja kati ya hivyo huingia 8508.19. Vipuri vyake viko 8508.70. Mitambo ya kuchuja hewa, kwa upande wake, iko chini ya 8421.39.

Hivyo mashine mbili za kiwanda kimoja, moja ya lita 20 na nyingine ya lita 30, zinaweza kuwa na namba tofauti. Mashine ya feni kubwa nayo inaweza kuzua mjadala kama ni ya 8508 au 8421. Wakala wa forodha akiandika namba kwa kukisia, mzigo unaweza kusimama mpakani kwa uhakiki, na gharama za kusimama zinahesabiwa kwa siku.

Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vinne, vya asilimia 0, 10, 25 na 35, tangu Julai 2022, pamoja na orodha ya bidhaa nyeti na misamaha ya nchi moja moja. Tofauti ya kiwango ina uzito. Kwa mfano, mzigo wenye thamani ya 100, ikiwa ni pamoja na bima na usafiri hadi kuingia nchini, ukitozwa ushuru wa asilimia 25 unafika 125. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake ni 22.5, jumla 147.5. Ukiwa na ushuru sifuri, jumla ni 118. Tozo nyingine za uingizaji bado hazijawekwa.

Ushauri ni kupeleka picha ya kibati cha mashine, mwongozo wake na ujazo wa chombo kwa wakala kabla ya kulipia kiwanda. Kwa mzigo mkubwa, mwagizaji anaweza kuomba mamlaka ya mapato ya nchi yake itoe uamuzi wa kimaandishi kuhusu namba inayohusika. Aidha, aulize shirika la viwango, yaani TBS, KEBS au UNBS, kama bidhaa hiyo inahitaji cheti cha ubora kabla ya kupakiwa.

Kuna dhana potofu mipakani inayowagharimu wafanyabiashara wadogo. Cheti cha uasilia kilichorahisishwa, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mashine iliyotengenezwa China au Ujerumani haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa dukani Nairobi. Mfanyabiashara anayevuka nayo Namanga, Holili au Mutukula abebe ankara na nyaraka za kuonyesha ilivyoingia na kilicholipwa, na aulize wakala nini kitadaiwa upande wa pili kabla ya kupanda gari.

Kwa wasafirishaji

Mzigo huu ni mwepesi kwa ukubwa wake. Boksi hujaza nafasi kabla ya kujaza tani, hivyo bei ya kusafirisha ikubaliwe kwa ujazo tangu mwanzo ili pasiwe na ugomvi wakati wa kupakua. Mashine za feni kubwa ziagizwe zikiwa zimefunguliwa vipande. Fremu, mapipa na mifuko hupangika vizuri, na nafasi inayookolewa inatosha kubeba machujio ya akiba.

Maji ndiyo adui mkubwa. Chujio la karatasi lililolowa likikauka huacha mikunjo iliyoshikana na haliwezi kupitisha hewa ipasavyo, hata kama kwa nje linaonekana zima. Mapanki yawekwe chini, turubai likaguliwe, na maboksi ya machujio yasikae pembeni mwa bodi wala chini ya mota. Wakati wa kupokea, feni ya chuma izungushwe kwa mkono. Ikigusa ganda lake, iandikwe kwenye hati ya makabidhiano hapo hapo, kabla ya dereva kuondoka.

Dhamana nayo ivuke mpaka kwa maandishi. Fundi wa Mwanza aliyenunua mashine yenye dhamana ya duka la Nairobi hana dhamana kama nauli ya kuirudisha na nyaraka za kuivusha kwa matengenezo ni juu yake. Mwuzaji na msambazaji wakubaliane nani analipia safari ya kwenda na kurudi, au kuwe na vipuri vya msingi upande wa mteja: brashi za kaboni za mota, swichi, mpira na chujio.

Moto

Vumbi la mbao linawaka, na likitanda hewani kwa wingi linaweza kulipuka. Mteja aambiwe mambo machache wakati wa mauzo. Asitumie mashine hiyo hiyo kufyonza cheche za kusaga chuma, kwa sababu cheche moja inaweza kukaa kwenye mfuko wa maranda na kuwaka usiku. Mfuko utolewe nje ya jengo kila jioni, hasa baada ya kupiga msasa kwenye rangi au vanishi. Mpira uwe wa kuzuia umeme tuli.

Vilevile asipulize vumbi kwa kompresa kusafisha karakana. Dakika moja ya kupuliza hurudisha hewani kile kilichofyonzwa kutwa nzima. Barakoa bado inahitajika, kwani hakuna mashine inayokamata vumbi lote penye msumeno.

Nani anunue nini

Fundi wa samani anayetumia zaidi msasa, ruta na msumeno wa mkononi anafaa mashine ya kundi la kwanza, daraja M, yenye soketi ya kujiwasha. Saikloni itamsaidia kupunguza gharama ya mifuko.

Karakana yenye msumeno wa meza na mashine kubwa ya kuranda inahitaji feni kubwa yenye bomba la milimita 100 au zaidi, chujio zuri au nafasi ya kuiweka nje. Bomba liwe fupi na lenye kona chache, kwa kuwa kila kona hula upepo.

Karakana yenye vyote viwili inunue mashine mbili za kiasi badala ya moja kubwa. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba moja inatosha kwa kazi zote atapata mauzo leo na malalamiko mwezi ujao.

Kwa mwenye mtaji wa kuanzia tu, ni afadhali kuagiza mashine chache za daraja M na maboksi ya mifuko ya kutosha miezi sita, kuliko kujaza kontena kwa mashine za wati nyingi zisizo na namba kwenye kibati. Mteja atakayerudi kununua mfuko kila mwezi ndiye atakayewaambia mafundi wenzake mashine ilitoka wapi.